Maswali ya Wasomaji: Muda Wangu wa Mgongo Hausogei

Meseji za safari hii nyingi ni za kuogelea kwa mgongo, nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana hilo tatizo liko kwa vijana wengi mno na linaniuma, mtoto anajituma kila jioni afu saa inabaki palepale.

SWALI: Shikamoo kocha. Mi ni msichana wa miaka 15, naogelea hapa Dar, bwawa letu la shule ni mita 25. Shida yangu ni mita 100 mgongo, muda wangu dakika 1 na sekunde 24, tangu mwaka jana haushuki kabisa. Naambiwa niongeze nguvu ya mikono, nikiongeza nikifika kama mita 60 mikono inakuwa mizito halafu naanza kugonga kamba ya leni, mara kulia mara kushoto. Miguu napiga sana tu, maji yanaruka juu. Nimetuma na video alonirekodi dada kwa simu. Nifanyeje nifike 1:18? Binti wa Upanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Video nimeiangalia, nikairudia nimepunguza spidi, na nimekupigia saa pia. Mita 50 za kwanza umetumia sekunde 38, za pili sekunde 46. Sasa piga hesabu na mimi: 1:18 ni sekunde 78. Ukiiacha ile 50 ya kwanza hivohivo ilivyo na ya pili ikashuka mpaka 40, umefika. Yaani nguvu ya kuogelea 1:18 unayo tayari mwilini, ila unaimaliza mapema kwa kupigana na maji. Kwahiyo mi sitakwambia uongeze nguvu ya mikono, nitakwambia kwanza tupunguze kile kinachokurudisha nyuma.

Simamisha video pale dada yako amefika ubavuni mwa bwawa, mko sawa kwa sawa. Angalia kidevu chako, kimeshuka kinakaribia kifua, masikio yote mawili yako nje ya maji, macho yanatazama vidole vya miguu. Sasa shuka chini uangalie nyonga, ziko chini ya maji karibu shubiri nzima. Hapo mwanangu huogelei umelala, unaogelea umekaa. Kifua kiko juu, makalio chini, mapaja yanasukuma maji mbele muda wote, na upinzani wa maji hauongezeki kidogokidogo kadiri unavyoongeza spidi, unapanda takribani kwa mraba wake, ukitaka kwenda mara mbili ya spidi uliyonayo maji yanakupinga mara nne. Ndo maana ukikaza mikono huoni faida kwenye saa, unaona uchovu tu.

Na chanzo ni kichwa. Kichwa cha mtu kina kilo 4 mpaka 5 hivi, kikiwa majini maji yanakibeba, ukikiinua maji hayakibebi tena, uzito wote huo unakandamiza mwili na kinachozama ni nyonga na miguu. Dawa yake ni kulala hasa, masikio ndani ya maji, macho yanatazama angani moja kwa moja au yashuke kidogo sana upande wa miguu, shingo imelegea. Mwanzoni utahisi kama unazama kwa nyuma na maji yatakupita usoni, vumilia tu, hisia hiyo inapotea. Halafu sukuma kifua juu kidogo na kaza tumbo, nyonga zitapanda zenyewe.

Kuna zoezi la kikombe, wengi wanaliona la kitoto lakini mi sijaona jingine linalofundisha kichwa haraka hivyo. Chukua kikombe kidogo cha plastiki, tia maji nusu, kiweke kwenye paji la uso halafu uogelee mgongo taratibu mita 25. Kitadondoka, na kikidondoka angalia kimeenda wapi. Kikianguka upande wa kifua, umeinua kichwa kutazama miguu. Kikienda nyuma, umekirudisha kichwa mno, kifua kimekunja kama upinde na miguu itashuka vilevile. Kikianguka pembeni kichwa kinafuata mabega, na hili ndo lako wewe, kila mkono ukiingia majini na kichwa nacho kinageuka kuutazama. Kwenye mgongo mabega yanabingirika, nyonga zinabingirika, kichwa hakiendi kokote. Ukipata nafasi mtafute Kaylee McKeown wa Australia kwenye video, yule aliyechukua dhahabu za mita 100 na 200 mgongo Tokyo akazichukua tena zote mbili Paris 2024. Usiangalie mikono yake, angalia uso tu. Mikono inazunguka kwa spidi ya ajabu na uso umetulia kabisa.

Sasa kugonga kamba. Hii wengi wanadhani ni kukosa shabaha kumbe ni mkono kuingia nyuma ya kichwa. Piga picha umelala juu ya saa ya ukutani, kichwa chako kinaelekea 12. Mkono wa kulia unatakiwa kuingia kwenye 1, wa kushoto kwenye 11, usawa wa bega. Wa kwako wa kulia unaingia kwenye 12 na wakati mwingine unavuka kwenda upande wa pili, na kila ukivuka nyonga zinapepea kushoto kulia na mwili mzima unaenda nyokanyoka. Tatizo la mgongo ni kwamba huoni mikono yako, hisia inakudanganya, wewe unaona umeingiza kwenye 1. Kwahiyo wiki mbili tatu hizi wewe lenga 2 na 10, utahisi umetanua mikono kupita kiasi, mwambie dada arekodi tena kwa nyuma ya kichwa, utashangaa kuona mkono umeingia palepale panapotakiwa.

Kuingia uingie kwa kidole kidogo, kiganja kinatazama nje, mkono umenyooka. Ukiingia kwa mgongo wa kiganja unapiga maji paaa na unaenda chini na mapovu ya hewa, na mapovu hayashikiki. Mkono ukishaingia bega linabingirika kuufuata, mwili unalala ubavu kiasi, nyuzi 30 hadi 45 hivi, mkono unazama kama sentimeta 30 na hapo ndo unakunja kiwiko. Hapa nisikilize vizuri maana video yako inaonyesha mkono umenyooka mwanzo mwisho. Mkono ulonyooka unasukuma maji chini, halafu pembeni, halafu juu, ni sehemu ndogo sana inayoyasukuma kwenda miguuni, na bega linabeba mzigo wote. Ukikunja kiwiko mpaka kama nyuzi 90 mkono unapopita usawa wa bega, kiwiko kinatazama sakafu ya bwawa, vidole vinatazama ukuta wa pembeni, kiganja na mkono wote wa chini vinatazama miguu, hapo unayashika maji na kuyatupa nyuma. Malizia chini ya nyonga, usikatie kiunoni. Halafu usipumzike! Mkono wako wa kushoto unafika pajani unakaa kidogo ndo unatoka, na muda huo wote hakuna mkono unaokusukuma. Mkono mmoja ukiwa unaingia majini mwingine uwe unamaliza kusukuma, kila saa iwe pande mbili tofauti. Utoke kwa kidole gumba, bega ndo linatangulia kunyanyuka.

Kuhusu miguu, maji kuruka juu sana siyo sifa. Yanaruka kwasababu magoti yako yanatoka nje, unapiga kama uko kwenye baiskeli. Anzia kwenye nyonga, goti likunjike kidogo tu na libaki chini ya maji, vidole vya miguu vimenyooka na kuelekezwa ndani kidogo, nguvu iwe wakati mguu unapanda. Juu ya maji tunataka kuona vidole vinachemsha maji, basi. Mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono miwili ndo kawaida ya mbio za mita 100. Kama vifundo vyako vya miguu ni vigumu, jioni ukiwa unaangalia tivii kaa umekalia visigino, miguu imelala nyuma, taratibu bila kulazimisha, vitalainika.

Mazoezi yenyewe tusiyafanye mengi. Ukishapasha mwili, fanya mita 25 mara nane, nne na kikombe, nne bila kikombe ila uhisi kama kipo. Kisha 25 sita za kupiga miguu tu umelala ubavu, mkono wa chini umenyooshwa mbele, ukihesabu mateke sita unabadilisha ubavu kwa mkono mmoja, unaendelea. Baada ya hapo 50 sita, pumzika sekunde 30 katikati, kila moja hesabu mikono na uangalie saa. Tuseme umetumia mikono 44 na sekunde 45, jumla yako 89. Wiki ijayo tunataka jumla ishuke, haijalishi imeshuka kwa mikono au kwa sekunde. Hii namba haidanganyi, maana ukipunguza mikono kwa kuteleza tu muda utapanda, ukizungusha mikono ovyo hesabu ya mikono itapanda. Mara moja kwa wiki fanya 50 nne ukijaribu zote zitoke sekunde 40, siyo ya kwanza 37 na ya mwisho 46. Hiyo ndo mbio yako.

Na usisahau Afrika tuna bingwa wa staili hii. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichukua dhahabu ya Olimpiki mita 200 mgongo Athens 2004, akarudi akaichukua tena Beijing 2008, na mwaka 2025 akachaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Na mwaka huohuo 2025 Pieter Coetze wa Afrika Kusini akawa bingwa wa dunia wa mita 100 mgongo kule Singapore. Kwahiyo usije ukaambiwa huu mchezo siyo wetu. Nitumie video nyingine ukishamaliza mwezi.

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Kijana wangu ana miaka 12, twakaa Nyali Mombasa. Mwezi uliopita alitolewa kwenye mashindano mita 100 mgongo, alikuwa wa pili. Refa akasema amegeuka tumbo mapema kabla ya ukuta. Kijana asema yeye aliogopa kugonga kichwa, ashawahi kugonga, na bwawa wanalofanyia mazoezi halina zile bendera za juu. Sasa hataki tena mgongo. Nimwambie nini? Mama wa Nyali

JIBU: Waaleikum salaam mama. Pole yake, kutolewa ukiwa wa pili kunauma. Lakini hofu yake ina sababu ya haki kabisa na inatibika.

Sheria iko hivi. Wakati wa kugeuka mwogeleaji anaruhusiwa kulala tumbo, ila akishalala tumbo ni mkono mmoja tu unavuta, au miwili kwa pamoja, mfululizo bila kusimama, na kuvuta huko kunaingia moja kwa moja kwenye kujipindua. Akilala tumbo akateleza, akapiga miguu kusogelea ukuta maana aligeuka mbali, anatolewa. Akitoka ukutani awe amerudi chali. Na kumaliza mbio lazima aguse ukuta akiwa chali, hapo hakuna kulala tumbo.

Bendera huwa mita 5 kutoka ukutani, urefu wa mita 1.8 juu ya maji. Kazi yake ni moja tu, kumwambia mwogeleaji ukuta uko karibu, na kila mtu anajua idadi yake ya mikono kutoka bendera mpaka ukutani. Mtoto wa 12 mara nyingi ni minne, mitano, akikua inapungua. Bwawa halina bendera? Mama zungumza na kocha wake mfunge kamba kutoka upande huu hadi ule, pimeni mita 5 kwa tepu kutoka ukutani, ning'inizeni vipande vya kitenge au mifuko ya rangi kali. Gharama yake ndogo mno na kwa kweli bwawa linalofundisha watoto mgongo bila hiyo kamba linawaweka hatarini, mimi hili nalisema kila mahali.

Halafu kijana afanye hivi, aanzie katikati ya bwawa, aogelee kwa spidi yake ya mbio, akipita chini ya kamba aanze kuhesabu mikono mpaka mkono uguse ukuta. Arudie mara nyingi mpaka idadi iwe ileile. Ikiwa ni mitano, basi kwenye kugeuka atahesabu mitatu, wa nne ndo unambingirisha tumboni, wa tano unavuta na kumpindua. Ni muhimu apime kwa spidi ya mbio maana akienda polepole idadi inakuwa kubwa, siku ya mashindano atafika ukutani kabla hajamaliza kuhesabu. Siku ya mashindano aende mapema apime tena kwenye bwawa hilo. Hofu itaondoka akishaiamini namba yake.

SWALI: Niaje kocha, mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, naogelea Kasarani wikendi. Kwa mgongo tukiwa juu ya maji niko sawa na wasee wangu kabisa, lakini kila tukitoka ukutani wao wanapotea chini ya maji wanaibuka wakiwa mbele yangu mita mbili tatu. Mi natoka tu naanza kuogelea. Hii kitu inafunzwa aje na ni halali?

JIBU: Poa kijana. Ni halali mpaka mita 15, kichwa kiwe kimeibuka kufikia hapo. Zamani hakukuwa na kikomo kabisa. Olimpiki ya Seoul 1988 Mmarekani David Berkoff alipita chini ya maji zaidi ya nusu ya urefu wa bwawa, akavunja rekodi ya dunia kwenye mchujo kwa sekunde 54.51, halafu fainali Mjapani Daichi Suzuki naye akakaa chini muda mrefu kuliko kawaida yake akamshinda, 55.05 kwa 55.18. Baada ya hapo wakubwa wa mchezo wakaweka kikomo cha mita 10, mwaka 1991 kikawa 15. Walifanya hivyo kwasababu chini ya maji ni kasi kweli, juu kuna mawimbi yanakula spidi, chini hakuna, na spidi kubwa kuliko zote uliyonayo ni ile ya kuuruka ukuta. Wewe unaipoteza kwa kuibuka mapema.

Kwenye bwawa la mita 50 kama Kasarani mbio za 100 zina kuanza na kugeuka kumoja, yaani unaweza kutumia mita 30 chini. Bwawa la 25 ni mara nne, hadi mita 60. Ila usikimbilie 15. Wewe anza na teke tatu tu za pomboo, miguu yote pamoja, mikono imenyooka nyuma ya kichwa kiganja juu ya kiganja, masikio yamebanwa kati ya mikono, kina kama nusu mita. Teke lianzie tumboni, lisianzie magotini, na usukume pande zote mbili, miguu ikipanda na ikishuka. Toa hewa puani taratibu kama unaguna, maji hayataingia. Ukihisi spidi inashuka kuwa sawa na ya kuogelea juu, ibuka hapohapo, kukaa zaidi ni hasara hata kama hujafika mita 10. Tatu zikikaa vizuri ongeza ya nne.

Na hili nakuomba sana: usishindane na wenzio nani anakaa chini muda mrefu, na usipumue harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama. Mtu anazimika ghafla bila dalili yoyote, hata waogeleaji wazuri wamekufa hivyo. Kila mara awepo mtu juu anayekuangalia.

SWALI: Habari za kazi kocha. Nina miaka 46, nimejifunza kuogelea ukubwani hapa Moshi. Mgongo naupenda ila bega la kulia linaniuma nikishafanya mita 300, na nataka pia niongeze spidi kidogo. Niache?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera, watu wengi wa umri wetu hata kwenye maji hawaingii. Usiache, ila spidi isubiri kwanza. Maumivu ya bega kwenye mgongo mara nyingi yanatokana na mambo mawili, mkono kuingia nyuma ya kichwa na mwili kutobingirika, bega linalazimishwa kuzunguka peke yake wakati kifua kimelala bapa. Soma nilichomjibu binti wa Upanga kuhusu 2 na 10, kinakuhusu wewe zaidi yake. Kwa sasa fanya mita 25 moja moja, ubingirike vizuri, bega la upande unaopanda lionekane nje ya maji kabla mkono haujatoka, na ukihisi maumivu simama siku hiyo, badilisha piga miguu tu mikono ikiwa kando ya mapaja. Likiendelea kuuma hata usiku ukilalia upande huo, nenda hospitali waliangalie kabla hujarudi bwawani.